Jina la Nyatichi Lina Mwenyewe

Jumapili kwa Nyasuguta ilikuwa siku ya kukaanga wimbi. Jumamosi alishinda kanisani, kwa kuwa yeye na mumewe Okari ni watu wa Sabato. Kwa hiyo Jumapili kazi ilianza mapema. Sufuria kubwa ilikaa juu ya kuni, mwiko ulizunguka, na harufu ya wimbi ikafika hadi kwa majirani.

Uani kulikuwa na chanja tano zilizotandikwa nyavu. Hapo ndipo alipoanika omena, wale dagaa wa ziwani. Wako watu pale Sori wanaoanika omena mchangani, lakini Nyasuguta hakufanya hivyo hata siku moja. Aliiosha mara tatu, akaianika juu, ikakauka bila chembe ya mchanga. Kisha wimbi, soya na omena vilipelekwa kwa mashine ya kusaga. Unga ulitiwa kwenye paketi za kijani. Kila paketi ilikuwa na picha ya kikombe cha uji, na jina moja kwa herufi kubwa: NYATICHI.

Nyatichi alikuwa mama yake mzazi. Ndiye aliyemfundisha kukaanga wimbi huko Kisii, kabla Nyasuguta hajaolewa na kuhamia huku ziwani. Mama alipofariki, Nyasuguta aliupa unga wake jina hilo. Hakurithi shamba wala ng'ombe. Jina ndilo alilobaki nalo, na alilipenda.

Watu wa Sori walimwita Nyar Kisii, yaani binti wa Kisii. Waliununua unga wake kwa ajili ya watoto. "Nyar Kisii, huyu mtoto angalia mashavu!" kina mama walimwambia sokoni. Yeye alicheka na kuwaongezea kijiko kimoja cha bure.

Jumapili moja ya mwezi wa Juni, simu ililia akiwa anakoroga. Alikuwa Cate, mwenye duka kule Mbita.

"Mama Nyarangi, leo tumekosana," Cate alisema bila hata salamu, akimwita kwa jina la mtoto wake.

"Kwani nimefanya nini?"

"Unga wako wa wiki hii una mchanga. Watu wanaurudisha. Mama mmoja amenitupia paketi hapa kwa meza, ati mtoto wake ametapika."

"Cate, wiki hii sijatuma unga Mbita."

"Mogire ameleta. Si ni yeye ajenti wako?"

Mogire alikuwa shemasi katika kanisa lao, ingawa biashara zake zilikuwa Homa Bay, na alikuwa na pikapu. Kwa miaka miwili alikuwa amebeba unga wa Nyasuguta na kuuza katika maduka ya Homa Bay na Mbita. Hapakuwa na karatasi yoyote kati yao. Siku ya kwanza Nyasuguta alipotaka waandikiane, Mogire alicheka. "Dada, ndugu wa kanisa huandikiana? Tutaonekana vipi?" Nyasuguta naye akacheka, akaona haya, akaacha. Na sasa ilikuwa miezi miwili Mogire hajaja kuchukua unga. Alisema soko limelala.

Cate alituma picha kwa simu. Nyasuguta aliitazama. Paketi ya kijani. Kikombe cha uji. Jina NYATICHI, herufi zilezile. Lakini chini kabisa, kwa maandishi madogo kama chawa, iliandikwa kwamba mtengenezaji ni Mogire wa Homa Bay.

Wimbi likaungua. Nyasuguta hakulisikia hata harufu.

Alimpigia Mogire simu mara sita. Mogire hakushika. Siku ya tatu, mtu wa bodaboda alileta bahasha. Ndani mlikuwa na barua iliyopigwa chapa. Ilisema hivi: jina NYATICHI ni mali ya Mogire, limetangazwa na serikali, na Nyasuguta aache kulitumia mara moja, la sivyo atashtakiwa. Nyuma ya barua palikuwa na nakala ya ukurasa mmoja wa jarida la serikali. Jina la mama yake lilikuwa hapo, na pembeni yake jina la Mogire.

Nyasuguta aliisoma barua mara ya kwanza, hakuelewa. Aliisoma mara ya pili, akaelewa, akapaza sauti.

"Okari! Njoo usome huu upuzi! Mogire ananikataza jina la mama yangu!"

Okari alikuja mbio kutoka shambani, udongo mikononi. Alisoma polepole. Alikuwa mtu mpole, asiyependa ugomvi.

"Pengine kuna makosa," alisema.

"Makosa gani? Amekula kwenye meza hii! Amelala kwenye kochi hilo! Kikulacho ki nguoni mwako, Okari, na huyu nimemfulia nguo!" Alichukua mwiko, akaanza kutoka. "Naenda Homa Bay sasa hivi. Nitamkaanga yeye."

Okari alimshika mkono. "Ukimpiga, ni wewe utalala ndani, na yeye ataendelea kuuza. Twende kwanza kwa Mzee Ondieki."

Ondieki alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa mtu mwema, lakini wema wake ulikwenda polepole sana. Aliisoma barua, akavua miwani, akatikisa kichwa.

"Hili ni jambo la nyumbani," alisema. "Ndugu hawapelekani kortini. Ni aibu mbele ya watu wa nje. Kamati itakaa."

Kamati ilikaa. Mogire hakuja. Kamati ikakaa tena baada ya wiki mbili, na safari hii alikuja, amevaa tai, Biblia kwapani.

"Wapendwa," alisema kwa sauti laini, "jina ni la Mungu. Hakuna binadamu mwenye jina. Dada yangu asikasirike."

Nyasuguta alisimama. "Kama jina halina mwenyewe, mbona umeliandikisha kuwa lako?"

Mogire aliangalia dari. Kamati nayo ikaangalia dari.

"Tusipandishe sauti," Mzee Ondieki alisema. "Mchungaji yuko safarini. Mikutano ya makambi ni Agosti. Makambi yakiisha, tutakaa na mchungaji, tumalize kindugu."

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Tumbo lililoumia si la kamati. Maduka mawili ya Sori yalirudisha unga wa Nyasuguta, kwa sababu Mogire aliwapelekea wenye maduka nao nakala ya barua. Kisha Nyasuguta akaenda Awendo kwa Maurice, fundi wa kuchapisha paketi, akakuta ameshatishwa.

"Mama, samahani," Maurice alisema. "Mogire amesema nikichapisha hilo jina, nitafungwa pamoja na wewe."

"Na picha ya kikombe aliipata wapi? Si ni wewe uliyenichorea mimi?"

Maurice alikuna shingo. "Alikuja mwaka jana, akaniambia umemtuma aichukue. Nilijua ni mtu wako."

Nyasuguta alirudi nyumbani na mifuko mitupu ya karatasi, isiyo na jina. Akatia unga humo. Sokoni watu waliigeuza mifuko hiyo huku na huku. "Hii ni ya nani?" waliuliza. Alipotaka kusema ni Nyatichi, ulimi ulikataa, kwa sababu ya ile barua. Siku hiyo alilia njiani akirudi. Aliona kana kwamba anamzika mama yake mara ya pili, na safari hii mchimba kaburi ni yeye mwenyewe.

Cate ndiye aliyemwamsha. Alikuja Sori mwenyewe kununua omena, akakuta mifuko isiyo na jina.

"Yawa! Wewe umekubali?" alifoka. "Mtu anachukua jina la mama yako, wewe unangoja makambi? Kuna wakili Migori, anaitwa Lynnet. Alisaidia chama chetu cha samaki tulipodhulumiwa mkataba. Kazi yake ni kesi za biashara. Nenda kesho."

Okari alisitasita. "Kanisa litasema nini?"

"Liseme," Nyasuguta alijibu. "Nimenyamaza wiki tano. Mogire hajanyamaza hata siku moja."

Ofisi ya Wakili Lynnet ilikuwa orofa ya kwanza, juu ya duka la dawa, katika mji wa Migori. Lynnet alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti kavu na kalamu nyuma ya sikio. Aliwapa chai, akasikiliza hadi mwisho bila kukatiza.

Nyasuguta alitandaza karatasi zake mezani. "Wakili, mimi si mwizi. Hiki ni kibali cha kaunti, nakilipia kila mwaka. Hiki ni cheti cha jina la biashara, Nyasuguta Stores. Nilisajili kila kitu. Sasa huyu ananyang'anya vipi?"

"Uliwahi kusajili alama ya biashara?"

"Si ndiyo hii?"

"Hapana, Mama. Na usione haya, karibu kila mtu anayepanda ngazi hizi hufanya kosa hilo." Lynnet alichukua kibali. "Hiki kinakuruhusu kufanya biashara katika kaunti hii ya Migori. Basi." Akachukua cheti. "Hiki kinasema mwenye biashara iitwayo Nyasuguta Stores ni nani. Lakini mteja hanunui Nyasuguta Stores. Mteja anatafuta paketi ya kijani iliyoandikwa NYATICHI. Jina hilo na ile picha, vitu vinavyomwonyesha mteja kwamba unga ni wako, ndivyo alama ya biashara. Alama husajiliwa Nairobi, katika ofisi ya serikali iitwayo KIPI. Kila karatasi ina kazi yake. Kibali hakiwezi kufanya kazi ya alama."

Nyasuguta alijishika kichwa. "Kwa hiyo Mogire ameniwahi. Jina limekwenda."

"Nani amesema? Hebu nione hiyo barua."

Lynnet aliisoma barua bila kubadilisha uso. Alipofika kwenye ule ukurasa wa jarida, aliusogeza karibu na dirisha. Kisha akacheka.

"Huu ukurasa umeupata wapi?"

"Ni yeye ameuambatanisha. Wa kunitisha."

"Mama, huyu mtu amekuletea fimbo ya kumchapia." Aliweka kidole kwenye ukurasa. "Mogire hana cheti. Ana ombi tu. Mtu akiomba alama, KIPI huitangaza katika jarida hili. Kwa nini inatangazwa? Ili mwenye haki aone, apinge. Kutangazwa si kupewa. Serikali inauliza: kuna mtu anapinga? Na anayepinga hupewa siku sitini tangu siku ya tangazo."

"Siku sitini?" Okari aliuliza. "Limetangazwa lini?"

Lynnet alionyesha tarehe. "Tarehe thelathini na moja Mei. Leo ni ishirini na moja Julai. Mmebaki na siku tisa."

Nyasuguta alihesabu kwa vidole. Makambi yalikuwa Agosti. Kama angengoja, kamati ingekaa na mchungaji, ingeimba, ingeomba, na jina la mama yake lingekuwa limeshakwenda zake. Hasira ilimpanda hadi masikioni. Safari hii haikuwa ya Mogire peke yake. Alimkasirikia Mzee Ondieki, akaikasirikia kamati yote na dari waliyoiangalia, kisha akajikasirikia mwenyewe, kwa kucheka siku ile alipoambiwa ndugu hawaandikiani.

"Andika," alimwambia wakili. "Andika sasa hivi."

"Nitaandika. Lakini hasira yako Nairobi haitasomwa, utasomwa ushahidi. Nitatuma pingamizi kwanza, kabla siku hazijaisha. Wewe nenda utafute kila kitu kinachoonyesha kwamba ulitumia jina hili kabla yake. Paketi za zamani. Stakabadhi za uchapishaji. Picha zenye tarehe. Ujumbe wa simu. Usifute kitu. Kutumia jina kwanza, na watu kukujua kwa jina hilo, ni haki pia, hata kama hukusajili. Ila haki bila ushahidi ni hadithi."

"Na ule unga wa mchanga? Watoto wanatapika, lawama ni yangu."

"Huo tunaupeleka Mahakama Kuu, Homa Bay. Kuuza bidhaa yako ikiwa imevaa sura ya mwenzako ni kosa. Tutaomba amri ya kumsimamisha huku kesi ikiendelea."

Pingamizi lilitumwa siku ya tatu. Nyasuguta naye aligeuza nyumba juu chini. Maurice wa Awendo, kwa aibu, alifungua kompyuta yake na kutoa oda ya kwanza ya paketi, ya miaka minne iliyopita, yenye jina la Nyasuguta. Katika simu yake mwenyewe Nyasuguta alikuta ujumbe wa Mogire: "Dada, nitumie katoni kumi za Nyatichi, Mbita wamemaliza." Kulikuwa na ujumbe kama huo arubaini na mmoja. Lynnet aliupenda sana.

Kisha Okari, ambaye hakupenda ugomvi, alitoa kijitabu kutoka chini ya Biblia yake. Kilikuwa kijitabu cha mazishi ya mama mkwe wake. Alikifungua ukurasa wa pili, akampa mkewe.

Nyasuguta alisoma mstari mmoja, akaketi chini.

Ushahidi mmoja ulibaki. Miaka mitatu mfululizo Nyasuguta alikuwa amewapikia uji watoto wa makambi, na vitabu vya makambi vilimshukuru: "Uji wa Nyatichi, kutoka kwa Dada Nyasuguta." Vitabu hivyo vilikuwa kwa Mzee Ondieki, na Lynnet alitaka mzee mwenyewe atoe ushahidi kwa hati ya kiapo.

Nyasuguta alimkuta mzee akipalilia sukuma wiki. Mzee alisimama, akapangusa mikono.

"Dada yetu, tumekuwa tukikuombea."

"Asante, Mzee. Leo sikuja kuombewa. Nimekuja kuomba sahihi."

Alimweleza. Mzee Ondieki alitikisa kichwa kama kawaida yake. "Nimesikia umemwona wakili. Dada, tulikukataza. Ndugu hawashtakiani."

"Mlinikataza mimi kushtaki," Nyasuguta alisema. Sauti yake ilikuwa chini, na kwa hiyo ilitisha zaidi. "Je, yeye mlimkataza kuiba?"

Mzee aliinama, akaokota jembe lake.

"Nakuuliza, Mzee. Mlikaa kamati mara mbili. Kuna mtu hata mmoja aliyemwambia Mogire, usiibe? Au aibu ni yangu tu, mimi niliyeibiwa?"

Mzee aliliegemeza jembe kwenye ua.

"Hapana," alisema. "Hatukumwambia."

"Basi."

"Lakini mimi siapi. Unajua imani yangu."

"Wakili amesema sheria inaruhusu. Asiyetaka kuapa, anathibitisha tu kwamba anasema kweli. Wewe si unasema kweli, Mzee?"

Mzee Ondieki aliingia ndani. Alitoka na vitabu vitatu vya makambi na kofia yake kichwani. "Twende huko kwa wakili," alisema. "Gari la nani linatupeleka?"

Mwezi wa Septemba mahakama ya Homa Bay ilitoa amri ya muda. Mogire asiuze unga wowote kwa jina hilo wala kwa paketi hiyo mpaka kesi iishe. Cate aliibandika nakala ya amri kwenye ukuta wa duka lake, juu ya sukari, mahali kila mtu angeisoma. Maurice akachapisha tena paketi za kijani, na mara hii alimwandikia Nyasuguta karatasi inayosema mchoro ni wa Nyasuguta, na kwamba hatampa mtu mwingine.

Ile kesi ya Nairobi ilichukua muda. Lynnet alikuwa amewaonya. Barua zilikwenda, majibu yakaja. Mogire alijitetea kwa maandishi. Ilikuwa Machi mwaka uliofuata waliposikilizwa, na hawakuhitaji hata kusafiri. Walikaa ofisini kwa Lynnet, mbele ya kompyuta. Ofisa wa KIPI alikuwa Nairobi. Mogire alikuwa Homa Bay, na tai yake ileile. Ofisa aliruhusu Mogire aulizwe maswali juu ya utetezi wake.

"Bwana Mogire," Lynnet alianza, "umeandika kwamba jina NYATICHI ulilibuni wewe mwenyewe."

"Ndiyo. Lilinijia tu."

"Lilikujia lini?"

"Mwaka jana."

"Na hizi jumbe arubaini na moja, za mwaka juzi, unaomba katoni za Nyatichi kutoka kwa Mama Nyasuguta, alizituma nani?"

Mogire alikunywa maji. "Nilikuwa namsaidia tu."

"Ulikuwa unamsaidia kuuza jina ambalo bado halijakujia. Sawa. Umewahi kumjua mtu yeyote aitwaye Nyatichi?"

"Hapana."

Nyasuguta aliuma meno. Okari akamshika goti chini ya meza.

Lynnet aliinua kijitabu cha mazishi mbele ya kamera. Nakala yake Mogire alikuwa nayo miongoni mwa karatasi za kesi, lakini inaonekana hakusumbuka kuzisoma. "Fungua kielelezo cha saba, Bwana Mogire. Tusomee jina la marehemu."

Mogire alisoma kimya.

"Kwa sauti, tafadhali."

"Nyatichi."

"Ukurasa wa pili kuna ratiba. Palipoandikwa msoma wasifu wa marehemu, tusomee jina lake."

Pale kwenye kioo cha kompyuta, Mogire alikaa bila kusogea. Sekunde zikapita. Ofisa wa Nairobi akainamia kamera yake.

"Bwana Mogire, unatusikia? Mtandao umekatika?"

"Haujakatika," Mogire alisema. "Ni mimi."

Alikuwa yeye. Mbele ya kaburi, mbele ya watoto wa marehemu wakilia, Mogire alisimama na kipaza sauti akaeleza maisha ya Nyatichi tangu kuzaliwa hadi kufa. Alitaja hata wimbi lake. Kisha akaja Homa Bay akasema jina hilo lilimjia tu. Kuna wizi wa kuvunja mlango, na kuna wizi wa mtu aliyekaribishwa kwenye matanga. Nyasuguta aliposikia lile "ni mimi", alitaka kupiga kelele. Badala yake machozi yalimtoka, ya hasira yote ya miezi tisa, na hakuyapangusa.

Uamuzi ulikuja Mei. Ombi la Mogire lilikataliwa, kwa sababu alijua jina lina mwenyewe, na aliliomba bila nia njema. Ombi la Nyasuguta, ambalo Lynnet alikuwa amelipeleka mapema, lilitangazwa katika jarida. Siku sitini zilipita. Hakuna aliyepinga. Alipewa cheti cha miaka kumi, na baada ya hapo anaweza kukihuisha. Kule Homa Bay, Mogire alikubali mbele ya mahakama kuacha kabisa na kukabidhi paketi zote zilizobaki.

Alizileta mwenyewe Jumapili moja, Mzee Ondieki akiwa pembeni yake. Zilijaa magunia matatu. Nyasuguta alikuwa anakoroga wimbi na hakuacha kukoroga.

"Dada, nimekosa," Mogire alisema. Safari hii hakuwa na tai.

"Umekosa."

"Nisamehe."

Nyasuguta alimtazama. Hasira bado ilikuwepo, lakini ilikuwa imechoka. "Nimekusamehe. Weka magunia pale."

Mogire akapata nguvu, akatabasamu. "Basi tuendelee kama zamani? Pikapu ipo."

"Zamani gani?" Mwiko ukasimama. "Mogire, kusamehe nimekusamehe. Unga wangu hautapanda gari lako tena. Nenda na amani."

Mogire alimgeukia Mzee Ondieki, akitafuta msaada. Mzee akatikisa kichwa, lakini mara hii alitikisa kichwa kwa Mogire. Wakaondoka. Okari alichoma magunia yote matatu nyuma ya choo, na Nyasuguta akakataa kwenda kuangalia, kwa kuwa jina la mama lilikuwa juu ya paketi hizo, hata kama liliibwa.

Unga ulirudi Mbita, ukarudi Homa Bay. Biashara ilikua, na ajenti alihitajika. Mdogo wake Nyasuguta, Monari, alinunua gari dogo na akaja kutoka Kisii akitaka kazi hiyo. Alikula, akashiba, akasimama kupakia katoni. Nyasuguta akamzuia. Aliweka mezani karatasi mbili ambazo Lynnet aliziandaa, na kalamu juu yake. Zilieleza nani mwenye jina, Monari atauza wapi, na watafanya nini wakikosana.

Monari alizitazama karatasi, akamtazama dada yake. Uso ulimbadilika.

"Dada, hata mimi? Nyatichi ni mama yangu pia. Tumetoka tumbo moja!"

"Ndiyo maana," Nyasuguta alisema. "Nataka tubaki ndugu."

Monari alivuta kiti, akaketi. Alisoma karatasi zote mstari kwa mstari, akauliza maswali mawili, kisha akashika kalamu.